Nani Anailipia Miezi ya Mbao?

Mhadhara juu ya uchumi wa samani za mkono, uliotolewa Dar es Salaam mbele ya mafundi seremala, wauza mbao, walimu wa ufundi na wanafunzi wa uchumi. Unachapwa karibu kama ulivyosemwa.

Nawashukuru mafundi waliofunga karakana mapema ili waje kunisikiliza. Saa mbili za fundi kukaa bila randa mkononi ni hasara, na hakuna atakayemfidia.

Nimeombwa nizungumzie uchumi wa kutengeneza na kuuza samani za mbao kwa mkono. Mada hii ni pana, nami nimeikata ili itoshe kwenye jioni moja. Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii ni muda, na kwamba muda huo hauandikwi popote. Mbao inataka miezi ikauke. Kitanda kinataka siku kichongwe. Fedha iliyowekwa leo inataka wiki kadhaa irudi. Yote haya yana bei, na kila mmoja katika mnyororo huu, kuanzia mkulima wa miti hadi mteja, anajitahidi bei hiyo ilipwe na mwingine. Nina hoja tano. Ya pili ndiyo nitakayokaa nayo sana, kwa sababu bila hiyo nyingine hazishikani. Ya tano nitaipita mbio.

Neno moja kabla ya kuanza. Nikisema samani za mkono sina maana ya kazi isiyoguswa na mashine. Hapo Keko, mtaa wa samani wa mji huu, karakana nyingi hupeleka mbao kwa jirani mwenye mashine ya kuranda, na miguu ya kitanda kwa mwenye mashine ya kukereza. Ninachosema ni kazi inayofanywa kwa oda, kipande kwa kipande, fundi akipima kwa jicho lake na kuamua mwenyewe.

Hoja ya kwanza: mwenye karakana hulipwa mwisho, tena hulipwa makombo

Tuchukue kitanda cha mkongo, futi tano kwa sita. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano tu, nimezipanga zijumlishike kwa urahisi. Kila mmoja akifika kwake aweke bei za mtaani kwake, kisha aone kama mwelekeo utabadilika.

Mteja na fundi wamekubaliana shilingi 900,000. Muulize fundi amepata nini, atakuhesabia papo hapo bila karatasi. Mbao 380,000. Kuzisafirisha 20,000. Mashine ya kuranda na kukereza 40,000. Gundi, misumari na msasa 35,000. Vanishi pamoja na fundi wa polishi 65,000. Vibarua wawili 110,000. Jumla 650,000. "Nimebaki na laki mbili na nusu," atakuambia, na kwa alichokihesabu hajakosea hata shilingi.

Sasa tuweke alichokiacha. Pango la karakana, umeme, mlinzi na usafi tuseme ni 300,000 kwa mwezi. Kama anatoa vitanda vinne kwa mwezi, kila kitanda kinabeba 75,000. Misumeno, patasi na keekee ya umeme vinachakaa: 15,000. Katika mbao alizonunua kuna zilizokuwa na mafundo, na nyingine zilipasuka zikiwa zimeegeshwa ukutani. Tukisema sehemu moja ya kumi imepotea, hiyo ni 38,000. Winga aliyemleta mteja anadai cha juu chake: 50,000. Mwezi wa tatu mteja anapiga simu kwamba ubao wa kichwani umelegea, na fundi anapanda bodaboda na gundi yake: 20,000. Jumlisheni. Ni 198,000.

Amebaki na 52,000. Vibarua wake wamegawana 110,000, na yeye mwenye jina, anayelaumiwa droo ikikwama, kapata chini ya nusu ya hiyo. Naona vichwa vinatikisika kule nyuma. Subirini, mteja bado hajaanza kuomba apunguziwe.

Kwa nini fundi haoni haya? Kwa sababu gharama hizi hazimjii siku moja na zile za kwanza. Mbao analipa leo na kibarua analipa Jumamosi, ila pango la Dar es Salaam hulipwa kwa mkupuo wa miezi sita. Siku ya kulilipa ikifika hawezi kuliunganisha na kitanda chochote. Analiona kama balaa lililomwangukia, akaenda kukopa.

Bei yenyewe ya 900,000 ilitoka wapi? Ilitoka kwa jirani. Fundi mgeni akifika mtaani haanzi na hesabu, anauliza wenzake wanauza ngapi. Jirani naye aliuliza kwa jirani. Kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuuza chini ya gharama kwa miaka, kila mmoja akiamini mwenzake anapata. Kinachoushikilia mtaa usianguke ni wanagenzi, vijana wanaofanya kazi kwa hela ya kula wakingoja waitwe mafundi. Jasho la kijana huyo limo ndani ya kile tunachokiita unafuu wa samani za Keko, na mimi sioni kama tuna haki ya kujisifia unafuu wa namna hiyo.

Hoja ya pili: mninga ulitudekeza

Hapa naomba tutulie.

Mti ukishakatwa na kupasuliwa, mbao yake imejaa maji. Mbao mbichi inaweza kuwa na maji yenye uzito wa nusu ya mbao yenyewe ikiwa kavu, na mara nyingi zaidi ya hapo. Ikiachwa kwenye hewa inayapoteza taratibu mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo. Katika mji wa pwani kama huu hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 16 hivi. Ukiipeleka Dodoma wakati wa kiangazi, au ukaiweka katika ofisi ambayo kiyoyozi hakizimwi, itaendelea kushuka hadi asilimia 10 au chini yake. Na kila inapopoteza maji ya hatua hizi za mwisho inasinyaa, upana ukipungua kuliko urefu. Hapo ndipo ulimi wa kiungo unapolegea ndani ya tundu lake, mlango wa kabati unapokataa kufunga, na meza iliyoondoka Dar ikiwa imenyooka inapofika makao makuu ya nchi na ufa katikati.

Kwa mbao ya inchi moja ya mti mgumu, kukausha kwa hewa kunataka miezi. Zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vipande vyembamba hewa ipite, ncha zipakwe rangi zisipasuke, kisha zisubiriwe. Kila seremala analijua hili. Fundi aliyepita Chuo cha Viwanda vya Misitu pale Moshi atawaeleza vizuri kuliko mimi. Kama wote wanajua, kwa nini mbao nyingi zinatoka kwenye yadi asubuhi na kuwa kitanda kabla ya wiki kwisha?

Sababu ya kwanza ni mninga. Mninga una sifa ambayo miti michache sana duniani inayo: husinyaa kidogo mno. Hata ukiuchonga haujakauka sawasawa, utakusamehe. Kabati litalegea kidogo, basi. Vizazi vya mafundi wa nchi hii vimejifunza kazi kwenye mti huu, na desturi nzima ya kununua leo na kuranda kesho imejengwa juu ya upole wake. Tumedekezwa. Fundi aliyezoea mninga akipewa mkaratusi mbichi anaufanyia yale yale aliyozoea, na mkaratusi haujui msamaha: unapinda, unajikunja, unapasuka hadi kwenye misumari.

Sababu ya pili ni kwamba mninga huo ulikuwa rahisi kwa njia isiyo halali, kwa hiyo hakuna aliyezoea kuilipia mbao thamani yake yote, sembuse muda wa kukauka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, misitu ya Kilwa, Liwale na kusini kwa ujumla ilifunguka, malori yakaanza kushuka Dar es Salaam usiku na mchana. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kulipwa kwa mbao hizo haukuifikia serikali. Hebu ifikirieni tarakimu hiyo kama wachumi. Bei ya kitanda cha mninga ya miaka ile haikuwa bei ya kitanda. Sehemu yake ilikuwa imelipwa na msitu, na nyingine na vijiji ambavyo havikupata kitu. Baadaye Wakala wa Huduma za Misitu ukaanzishwa, vizuizi vya barabarani vikaongezeka, mbao zikatakiwa kuwa na alama ya nyundo ya ukaguzi na hati ya kusafirishia. Bei ikapanda. Mteja akadhani fundi ameingiwa na tamaa, kumbe ndiyo kwanza mbao imeanza kulipiwa.

Niseme hapo hapo kwamba upo mfano mzuri. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chenye msitu wake uliohifadhiwa kwa utaratibu kinaweza kuvuna na kubaki na mrabaha wote. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimefanya hivyo, na Nanjirinji ndicho kinachotajwa zaidi kwa madarasa na huduma kilizojijengea kwa fedha ya miti. Mbao za namna hii zina bei ya kweli. Ni ghali, na ni haki ziwe ghali.

Sababu ya tatu iko Mufindi, kwenye mashamba ya paini. Mninga ulipoadimika, wateja wa kipato cha kati wakahamishiwa paini. Paini ni mti mzuri kwa samani ukiachwa ukomae miaka 20 hivi. Shamba la serikali la Sao Hill linaweza kusubiri. Mkulima mdogo mwenye ekari tatu hawezi: mtoto anaanza sekondari, mgonjwa anapelekwa Iringa, na mnunuzi yuko shambani na pesa taslimu. Miti ya miaka minane au tisa inaangushwa. Zinakuja zile mashine ndogo za kuhamahama, dingidongi, zenye meno mapana, na sehemu kubwa ya gogo inageuka pumba. Mbao inayotoka ni ya mti ambao haujakomaa, na mbao changa hupinda kwa tabia yake hata ukiikausha kwa uangalifu. Kwa hiyo ikifika Keko imekwisha kuibiwa muda mara moja shambani. Karakana inauiba mara ya pili.

Je, fundi anaweza kuamua tu kukausha? Turudi kwenye kitanda chetu. Mbao zake ni 380,000. Tuseme anazinunua kwa mkopo wa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na nyote mnajua kwamba mikopo ya kausha damu ni mikali kuliko hiyo. Akizipanga kivulini miezi minne, riba peke yake ni 76,000. Faida yake ya kweli, kama tulivyoiona, ilikuwa 52,000. Akikausha mbao anapata hasara ya 24,000, mbali na nafasi ambayo rundo hilo linachukua katika karakana anayoilipia pango.

Kwa sababu hiyo sipendi kusikia maofisa wakiwahubiria mafundi juu ya ubora. Fundi anayetumia mbao mbichi si mvivu, wala mara nyingi si mlaghai. Amepiga hesabu kimoyomoyo na akapata jibu sahihi. Ubora unaodaiwa kwake una bei ya 76,000, na hakuna mteja aliyeambiwa ailipe.

Hoja ya tatu: mteja ndiye benki

Kama fundi hana mtaji wa kukausha, anaendeshaje kazi? Kwa arubuni, au advansi kama wanavyoiita wenyewe. Mteja anatoa nusu, yaani 450,000 katika mfano wetu. Siku hiyo hiyo 400,000 zinakwenda kwenye mbao na usafiri. Inabaki 50,000, na mashine peke yake inataka 40,000. Kazi inaanza vizuri, fremu inasimama, halafu inakwama kwenye vanishi. Anaingia mteja wa pili na advansi ya meza. Fedha ya meza inamaliza kitanda. Anaingia wa tatu na advansi ya kabati, na kabati linaimaliza meza. Ni kufukia shimo kwa udongo wa shimo jingine, na unaweza kwenda hivyo miaka mingi alimradi wateja hawakatiki. Ukifika mwezi ambao hawaji, mathalani Januari ya ada za shule, mashimo yote yanaonekana kwa pamoja. Ndipo mteja anapoambiwa njoo Jumamosi, na Jumamosi simu haipatikani.

Msinielewe vibaya, sisemi advansi ifutwe. Bila hiyo karakana nyingi zisingefika mwezi wa pili. Ni mkopo usio na riba, na sijui benki gani ingempa fundi asiye na hati ya kiwanja mkopo wa namna hiyo. Lakini mkopo usio na riba nao una gharama. Aliyetoa nusu ya fedha kabla hajaona kitu anadai bei iwe chini, na anastahili, kwa sababu amebeba hatari. Akicheleweshwa mara moja, mara ya pili anatoa robo. Advansi ikiwa ndogo kazi inakwama mapema zaidi, ucheleweshaji unazidi, na wasiwasi wa mteja unazidi pamoja nao.

Mtu anayetoka salama katika mchezo huu ni mwenye shoo rumu. Yeye anapita jioni na fedha taslimu, anakuta fundi ana kitanda kisichopakwa polishi na vibarua wanaongoja kulipwa, ananunua. Anakipaka, anakiweka kwenye kioo, anaongeza godoro na mito, na anasubiri. Wengi wanamwita mnyonyaji. Mimi namwita mtu pekee mtaani aliyelipwa kwa kusubiri. Hana patasi, hajui ulimi wala tundu, ila fedha yake ina uvumilivu, na uvumilivu ndio bidhaa iliyoadimika hapa kuliko mninga. Badala ya kumchukia, tujiulize mafundi kumi wangewezaje kuwa yeye.

Hoja ya nne: mshindani hayuko tunakomtazama

Kila mkutano wa mafundi hufika kwenye makontena ya fenicha kutoka nje. Inajulikana kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipanga upya ushuru wake wa forodha Julai 2022 na kuweka kiwango cha juu cha asilimia 35, na samani zimo. Nadhani ni ulinzi unaofaa. Ila tuangalie mteja anafuata nini kwenye kabati la chipubodi ambalo likimwagikiwa maji linavimba kama andazi, na ambalo skrubu zake hazishiki tena ukilifungua mara mbili.

Kwanza, analiona kabla ya kulipa. Pili, analichukua leo. Tatu, akiwa mpangaji anayehama kila baada ya mwaka mmoja na nusu, anataka kitu kinachobebeka kwenye kirikuu na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Mkongo haupandi ngazi kirahisi. Katika sababu hizi tatu hakuna hata moja inayoguswa na ushuru. Mbili za kwanza zinahusu muda, na ya tatu inahusu umbo. Karakana zetu bado zinachonga samani za mtu aliyejenga na kuhamia kwake, wakati vijana wengi wa mji huu wanaishi chumba na sebule.

Tuna nguvu ambazo kontena halina. Alfred Marshall, Mwingereza aliyeandika juu ya misingi ya uchumi mwaka 1890, alieleza kwa nini watu wa kazi moja hukaa mtaa mmoja: ujuzi unasambaa wenyewe, vifaa na mafundi wa sehemu ndogo ndogo wanapatikana karibu, mnunuzi anajua pa kwenda. Hakuiona Keko, lakini ndivyo ilivyo. Hatua chache kutoka kwa mwenye randa kuna mkerezaji, mbele yake mchonga nakshi, halafu fundi wa polishi, muuza vioo, muuza sponji na vitambaa. Hakuna kiwanda kinachoweza kupanga watu wengi hivyo bila meneja hata mmoja. Nairobi ni vivyo hivyo Gikomba, na kandokando ya Ngong Road.

Mtaa huo huo una ugonjwa wake. Anayebuni kiti kipya Jumatatu atakikuta kwa jirani Ijumaa, kwa bei ya chini, kwa sababu jirani hakutumia siku zake kujaribu na kuharibu. Siku hizi hata jirani hahitajiki: mteja anakuja na picha kwenye simu, sofa la mtu asiyemjua katika nchi asiyoijua, anasema nitengenezee hili. Fundi anafuata picha. Picha haionyeshi viungo vya ndani, wala sponji ya daraja gani. Inatoka sura bila mwili. Sitetei sheria za hakimiliki kwa kila stuli, zingekuwa kazi ya mawakili tu. Nasema aliyebuni alipwe kwa namna nyingine, na namna rahisi ni jina. Kule Unguja na Lamu watu husafiri mbali kutafuta milango na masanduku ya nakshi kwa sababu mahali pana sifa. Keko ina wateja wengi kuliko huko, ila chini ya kiti chake huoni muhuri wala namba ya simu ya aliyekichonga.

Na jambo moja dogo ambalo kwangu ni kubwa: ukarabati. Kiti cha mkongo kikilegea kinaweza kufunguliwa, kikaunganishwa upya na kuishi miaka mingine 20. Kiti cha chipubodi hakiwezi. Ukarabati unalipwa siku hiyo hiyo, hautaki mbao mpya wala advansi. Lakini fundi wetu huuona kama adhabu ya kazi mbaya, akaufanya bure na kwa kununa. Kuna fedha pale.

Hoja ya tano: mnunuzi mkubwa kuliko wote

Mnunuzi huyo ni serikali. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na wanafunzi wakafurika, nchi nzima ilihangaikia madawati. Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 zilizookolewa katika matumizi yake, na utengenezaji ukapelekwa kwa JKT na Magereza. Wapo mafundi waliolalamika, na baadhi yao wamo humu. Ila ningekuwa mimi mwenye kusaini hundi, ningempa nani? Karakana ya watu wanne isiyo na mbao kavu, isiyo na mashine ya risiti ya EFD, isiyoweza kutoa madawati elfu moja yenye kimo kimoja, wala kungoja malipo ya serikali kwa miezi? Na hata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, humpa fundi fedha anayopaswa kuanza kuirudisha kabla mbao haijakauka. Nilisema nitapita mbio. Nimepita.

Tunakoelekea

Wengine huona dawa ni mafunzo zaidi. Nami nayaunga mkono, ila nadhani kinachokosekana ni mahali ambapo mbao inaweza kukaa miezi minne bila kumfilisi mtu. Pendekezo langu ni hili. Tangu mwaka 2005 tuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wameishi nayo miaka mingi. Mkulima anapeleka mzigo ghalani, unapimwa ubora na uzito, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana benki. Kwa nini isiwe mbao? Korosho ikikaa sana ghalani inashuka ubora. Mbao iliyopangwa vizuri inapanda thamani kila mwezi, kwa sababu kila mwezi inakaribia kuwa kavu. Kama kuna dhamana ambayo benki inapaswa kuipenda, ni hii.

Iwe yadi moja, tuseme Keko au Mafinga kule Mufindi, yenye paa, tanuri la kukaushia kwa ajili ya oda za haraka, mtu mmoja wa kupanga madaraja, na kipima unyevu. Muuza mbao analeta shehena iliyokwisha kugongwa nyundo, anapata stakabadhi, na kwa stakabadhi anapata fedha ya kurudi msituni. Fundi ananunua mbao kavu kidogo kidogo kadiri ya oda, kwa bei ya juu kidogo, na halazimiki kulipia miezi minne kwa mfuko wake. Wenye SACCOS wanaweza kununua hisa humo.

Najua pa kushika ni pagumu. Tatizo la kwanza ni moto, na bima ya ghala la mbao haitakuwa nafuu. La pili ni madaraja: korosho inapangwa kwa viwango vinavyojulikana, ila ubao wa mkongo wenye fundo moja karibu na ncha utawagombanisha wauzaji na wapimaji kila asubuhi. La tatu ni imani. Wakulima wa korosho wamelalamikia malipo yanayochelewa, na muuza mbao aliyezoea fedha mkononi hataacha lori lake kwa sababu ya karatasi. Ndiyo maana nasema tuanze na yadi moja, tena ndogo.

Hatuna muda mrefu wa kufikiri. Miti ya msaji iliyopandwa Kilombero kuanzia miaka ya 1990 imekomaa, ya mashamba ya Longuza na Mtibwa vilevile, na sehemu kubwa ya msaji wetu huishia India. Huko inakaushwa, inachongwa, na thamani yake inaongezeka mikononi mwa mafundi wasiowazidi wa kwetu kwa ujuzi. Walichowazidi ni kwamba mbao inawafikia ikiwa tayari.

Kwa mwaka ujao ningeridhika na vitu viwili tu. Kipima unyevu kwenye kila yadi ya mbao ya mji huu, kifaa kinachoenea kiganjani. Na ubao wa bei mlangoni wenye safu mbili badala ya moja: mbichi kiasi gani, kavu kiasi gani. Tofauti kati ya safu hizo ndiyo bei ya muda, na ikishaandikwa kwa chaki, mteja na fundi wataweza kuzozana juu yake kama wanavyozozana juu ya kitu kingine chochote.

Mheshimiwa mwenyekiti, kwa upande wangu nimefika. Kuna mzee pale kushoto ameinua mkono tangu nilipousema vibaya mkaratusi. Naomba tuanze na yeye.